Kompyuta ya Nyumba ya Maziwa

Profesa Nikodemo Shekivuli alikuwa mtu wa kushuku tangu hajaota ndevu. Ukimwambia mvua inanyesha, alitoa mkono dirishani kwanza. Jina alipewa na babu yake, mwinjilisti wa Kilutheri, kwa kumkumbuka yule Nikodemo wa Biblia aliyemwendea Yesu usiku na maswali yake. Huyu wetu wa kijiji cha Kwai hakungoja usiku. Aliuliza mchana kweupe, tena mbele za watu. Katika kazi yake tabia hiyo haikuwa kilema. Alikuwa mkemia asiye na chupa, moto wala harufu. Alisomea kemia ya kwanta, ile ya kukokotoa kwa kompyuta jinsi elektroni zinavyokaa ndani ya molekuli, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiifundisha chuo kikuu. Mama yake, mpaka anaingia kaburini, aliwaambia majirani kwamba mwanawe ni daktari wa vitu visivyoonekana, na majirani wakampa pole.

Mtu wa kazi hiyo hana cha kumwonyesha mwenzake isipokuwa namba. Namba ikiwa ya uongo, hana kitu. Ndiyo maana Ijumaa hiyo Nikodemo alikuwa akipandisha gari lake kutoka Lushoto mjini kwenda Kwai, akikwepa malori ya kabichi, akimshuku mwanafunzi wake wa shahada ya uzamivu, kijana wa Mtae aitwaye Alen.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Alen alikokotoa nishati ya molekuli moja yenye chuma katikati, ya jamii ya ile inayobeba hewa katika damu yetu. Katika mambo haya anayepata nishati ya chini kuliko wenzake ndiye aliyeukaribia ukweli, maana elektroni, kama mtu aliyechoka, hutafuta mahali pa chini pa kutulia. Namba ya Alen ilikuwa chini kuliko zote zilizowahi kuchapishwa. Makala ikatoka katika jarida kubwa, jina la Alen kwanza na la Nikodemo mwisho, na kitivo kikawapikia pilau. Miezi minne baadaye ikaja barua ya wataalamu wa Ulaya, yenye adabu kabisa, kama zilivyo barua zote zinazoua. Walisema wamerudia hesabu mara kumi na mbili bila kuifikia namba ile. Tena faili la matokeo walilotumiwa halikuwa na kichwa. Lilianza katikati, namba iko chini tayari, kana kwamba mwenyewe alilijua jawabu kabla ya kuulizwa swali.

Mkuu wa kitivo alimpa Nikodemo mpaka Jumatatu saa sita mchana. Aandike barua. Ama asimame na kijana na kuonyesha namba ilikotoka, ama aiondoe makala na kumtaja aliyeipika. Barua ya namna ya pili ingemfukuzisha Alen chuo siku tatu kabla ya kuitetea tasnifu yake, na miaka sita ya kijana ingekwenda na maji. Nikodemo alikwisha kuamua ni ipi ataandika. Alichokifuata Kwai ni ushahidi.

Jana yake alikuwa amempigia Alen simu. Kijana alianza kama siku zote, "Shikamoo, Mwalimu," na Nikodemo hakuitikia. Aliiruka salamu ile kama mtu anavyoruka jiwe njiani, jambo ambalo huku milimani humfanyii hata mtu mliyepelekana mahakamani, akauliza moja kwa moja kichwa cha faili kimekwenda wapi.

"Faili ulilileta wewe, Mwalimu," Alen alisema. "Mimi nililipokea mkononi mwako."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomchoma. Mwezi wa tano Alen aliianzisha hesabu kwenye mashine ya Kwai, kisha akateremka chuoni kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hesabu ilipokwisha, Nikodemo, aliyekuwa amekuja kwenye arobaini ya shangazi yake, ndiye aliyelichukua faili katika flashi, maana mtandao wa Kwai ni dhaifu, bila kulifungua na kumpelekea. Sasa kijana alitaka kumtwisha mzigo. Kwa mtandao Alen angeweza kuingia katika mashine akiwa huko huko chini, kwani neno la siri walikuwa nalo wawili tu. Basi aliingia, akakata kichwa, akaibadili namba, halafu akamwacha mzee wake alibebe faili kama punda asiyejua kilichomo guniani. Kikulacho ki nguoni mwako, Nikodemo alijiambia, akakanyaga mafuta.

Na kompyuta ya chuo kikuu ilikuwa ikifanya nini Kwai? Hesabu za namna hii huchukua wiki kadhaa, na mashine hupata joto kama jiko. Chumba alichopewa chuoni kilikuwa na kiyoyozi kilichofanya kazi siku za wageni tu. Mwaka 2014, alipopata mashine kwa ruzuku, aliikumbuka baridi ya kwao. Kituo cha kukusanyia maziwa kilikuwa na chumba kitupu nyuma ya tangi la kupozea, tena kilikuwa na jenereta, maana maziwa hayasubiri umeme. Wafugaji walikubali kwa kauli moja, ila mzee mmoja aliuliza kama mashine hiyo inakunywa maziwa kiasi gani kwa siku.

Kituoni alimkuta Mama Hadija akiosha keni la maziwa. Mwanamke huyu wa miaka sitini na mitano alikuwa akipokea maziwa hapo tangu kituo kifunguliwe. Aliyapima, akayaonja kwa ncha ya ulimi, na aliyeongeza maji alirudishwa na ndoo yake hata kama ni shemeji. Nikodemo alimwamkia, naye akaitikia, kisha wakaingia Kishambaa, wakapitia habari za watoto, za viazi na za barabara. Mama Hadija akataka kujua mbona hakuja na Alen. Kijana yule ana adabu, alisema. Wiki zile alizokaa hapa hakuna keni alilomwacha Mama Hadija alibebe peke yake. Nikodemo aliguna tu. Moyoni alisema hajawahi kumsikia mwizi asiye na adabu.

Chumba cha mashine kilikuwa baridi na safi. Kompyuta ilivuma kwenye kona yake, na kioo chake kilikuwa kimeinuliwa juu ya kitabu kinene chenye jalada jekundu. Nikodemo alikitambua. Kilikuwa tasnifu yake mwenyewe, ya mwaka 1998, aliyoipeleka hapo siku ya uzinduzi ili wazee waione. Hakuudhika. Angalau ilikuwa imepata kazi.

Akaketi kwenye stuli, akaanza kutafuta nyayo za mwizi. Alipekua faili moja moja, tarehe kwa tarehe. Lile la matokeo lilikuwa palepale, bila kichwa kama alivyoliona chuoni, limeanza tarehe 19 Mei saa tisa na dakika kumi alasiri. Hesabu ilianzishwa tarehe 3. Siku kumi na sita nzima zilikuwa zimekatwa. Nikodemo alitikisa kichwa, akaendelea kurudi nyuma, mwaka hadi mwaka, mpaka mwezi wa kwanza Alen alipokabidhiwa mashine. Hapo akakuta folda iliyoitwa "mwalimu".

Aliifungua akidhani atakuta maelekezo yake ya masomo. Alikuta molekuli anayoijua kuliko kiganja chake. Ilikuwa ile ya tasnifu yake.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, na Nikodemo mwenyewe asingependa nirudi. Mwaka 1998, Ulaya, katika mwezi wa mwisho wa ufadhili wake, Nikodemo alikuwa akikokotoa kimo cha mlima ambao molekuli ile lazima iupande ili igeuke kuwa kitu kingine. Maabara ya jirani walikwisha kuupima kwa vyombo, wakapata kumi na mbili nukta sita. Mashine yake ilimpa kumi na nne nukta mbili. Alirudia, ikampa hiyo hiyo. Msimamizi wake alikuwa amemwambia kwamba tofauti kubwa namna hiyo itahitaji mwaka mwingine wa kazi, na mwaka mwingine haukuwepo. Kulikuwa na tiketi ya kurudi nyumbani na mke mwenye mimba. Basi katika ukurasa wa themanini na saba aliandika kumi na mbili nukta nane. Akasifiwa. Akapewa shahada, kisha ajira, kisha uprofesa. Namba ile iliingia katika makala za watu wengine, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyejisumbua kuirudia, maana nani atapoteza wiki tatu kukokotoa kitu kilichokwisha kukubaliwa? Tangu hapo Nikodemo alishuku namba za kila mtu. Nyani haoni kundule.

Alen aliirudia. Ndani ya folda mlikuwa na hesabu kumi na tisa, kwa njia tofauti tofauti, na kila moja ilikuwa imetoa kumi na nne nukta mbili, au nukta moja, au nukta tatu.

Kwa hiyo kijana alijua, tena kwa miaka sita. Alikuwa akimwamkia shikamoo kila asubuhi, akimbebea mkoba, akiitika ndiyo Mwalimu, na huku siri ameiweka hapa Kwai kama panga chini ya mkeka. Sasa maneno ya jana yalimjia kwa sauti nyingine kabisa. Faili ulilileta wewe, Mwalimu. Kumbe kilikuwa kitisho. Ukinigusa, nitawaambia wewe ni nani.

Woga ukimwingia mtu mwenye akili, humpa hoja nzuri. Nikodemo aliona kwamba Alen akifukuzwa kwa kupika namba, hakuna atakayemsikiliza akimtaja mwingine. Watasema mfa maji haachi kutapatapa. Alitoa simu, akaiandika barua hapo hapo, mistari sita. Makala iondolewe. Faili lilikatwa na namba ikabadilishwa na mwanafunzi, bila msimamizi wake kujua. Aliisoma mara moja, akabonyeza kutuma. Mtandao wa Kwai ulikuwa na kijiti kimoja tu. Barua ikazunguka, ikazunguka, ikakaa.

Wakati anainua simu dirishani, umeme ukakatika.

Kompyuta ilizima mara moja, kama mtu aliyezibwa mdomo. Nikodemo alishangaa. Chini ya meza kulikuwa na betri kubwa ya kuishikilia mashine mpaka jenereta liwashwe, aliinunua mwenyewe. Aliinama kuigusa, akakuta imevimba ubavuni na vumbi limeikalia. Ilikuwa imekufa zamani, na Alen hakuwa na sababu ya kuijua afya yake kwa kuwa ilikuwa imesukumwa nyuma kabisa, karibu na ukuta. Kule nje Mama Hadija alipita haraka na kandambili zake, akavuta kamba ya jenereta mara tatu, likashika. Taa zikarudi. Tangi likaanza kuunguruma tena, na kompyuta nayo ikaamka yenyewe bila mtu kuigusa. Juu ya kioo yakatokea maandishi.

UMEME UMERUDI. NAENDELEA NILIPOISHIA. N.S., MACHI 2014.

N.S. alikuwa yeye. Nikodemo aliyatazama maneno yale kwa muda. Aliyaandika wiki ile ya kwanza, betri bado mpya, ili mashine isikae bure kama umeme utakatika na hayupo mtu. Alikuwa ameona ni kichekesho kizuri kuifundisha Kiswahili. Kisha akasahau, kama mtu anavyosahau mtego alioutega mwenyewe kichakani.

Nyuma ya kioo ilikuwa ikiendelea hesabu nyingine ndogo ya Alen. Robo saa iliyopita Nikodemo alikuwa ameliona faili lake, mistari zaidi ya elfu. Alilifungua tena. Lilikuwa na mistari sita. Mashine iliendelea pale ilipoishia, lakini iliandika juu ya faili la zamani, ikafuta yote ya nyuma, na mstari wa kwanza ulianza na namba iliyokwisha kushuka. Faili halikuwa na kichwa. Hakuna aliyelikata. Agizo lake mwenyewe ndilo lililolila.

Alitoka nje. Mama Hadija alikuwa ameketi kwenye kibenchi, kalamu mkononi, daftari kubwa la jalada gumu juu ya mapaja. Nikodemo akamuuliza anaandika nini.

"Umeme," alisema. "Saa uliyokatika, saa jenereta lilipowaka, na maziwa yalikuwa na joto gani. Kila mara. Maziwa yakiharibika huko mbele, wanaanza kwa kuniuliza mimi."

"Na ya mwezi wa tano unayo?"

Alimtazama kwa jicho la mtu aliyeulizwa kama ana kichwa. Alifunua nyuma kurasa chache, akampa.

Kati ya tarehe 3 na 26 Mei umeme wa Kwai ulikatika mara saba. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 19, siku ya upepo, mkaratusi ulipoangukia waya. Umekatika saa nane na nusu. Jenereta saa tisa na dakika nane, alikuwa ameandika, dizeli iliisha nikamtuma mtu. Mashine huchukua dakika mbili kuamka. Saa tisa na dakika kumi.

Nikodemo akakaa chini kwenye kibenchi, kando ya keni. Akili yake, ambayo ilikuwa nzuri hata kama moyo ulikuwa umepinda, ilikwenda yenyewe mpaka mwisho. Maji ya mvua yakiteremka kwenye milima hii hukimbilia bondeni, lakini hukutana na mashimo njiani, yakajaa humo na kutulia, na ukiyaona utadhani yamefika. Elektroni za molekuli ile zilifanya hivyo hivyo. Wataalamu wa Ulaya, wenye umeme usiokatika, walianza juu na kuteremka kwa ustaarabu mpaka shimoni, mara kumi na mbili, shimo lile lile. Hesabu ya Alen ilikatizwa mara saba njiani na kuanza upya kutoka mahali pasipotarajiwa, na mara mojawapo ikaruka ukingo ikateremka mpaka bondeni kwenyewe. Nikodemo alirudi ndani akaianzisha hesabu tena kutoka pale ilipotulia mwezi wa tano. Ilichukua dakika arobaini. Ikarudi na namba ya Alen, ile ile, mpaka tarakimu ya mwisho. Namba ilikuwa ya kweli.

Mtu mwingine angeruka kwa furaha. Nikodemo alikaa akitazama simu. Barua ilikuwa bado inazunguka, haijakwenda. Daftari lile hakuna anayelijua isipokuwa yeye na Mama Hadija, na Mama Hadija hajui lina thamani gani. Akinyamaza, Alen ataondoka, na ukurasa wa themanini na saba utaondoka naye. Alijionea aibu kwa kuwaza hivyo, lakini aliwaza, akageuza hili na lile kama mtu anayechagua nyanya.

Simu ikatetemeka. Mtandao ulikuwa umerudi kwa dakika moja, na kabla barua yake haijatoka uliingia ujumbe wa mkuu wa kitivo. Profesa, aliandika, usihangaike tena na barua. Alen alikuwa ofisini kwangu asubuhi hii. Amekiri kwa maandishi kwamba yeye ndiye aliyelikata faili na kubadili namba, na kwamba wewe hukujua lolote. Jina lako liko salama. Pole kwa usumbufu.

Nisiseme uongo: kitu cha kwanza alichokihisi kilikuwa nafuu. Kisha nafuu ile ikaisha, kwa sababu ujumbe haukuingia akilini. Mtu asiye na kosa amekiri kosa. Mwenye panga chini ya mkeka amelitoa na kujikata nalo mwenyewe. Kwa nini?

Aliifuta barua yake, akarudi kwenye folda ya "mwalimu". Safari hii aliteremka mpaka chini, baada ya hesabu zote kumi na tisa, mahali ambapo mwanzo hakufika kwa hofu. Kulikuwa na faili dogo la maneno, la miaka sita iliyopita. Alen alikuwa ameandika kwamba alitaka kuanzia pale Mwalimu alipoanzia, ili ajifunze vizuri. Kwamba amerudia mara kumi na tisa na kila mara anapata kumi na nne, wakati Mwalimu alipata kumi na mbili nukta nane. "Labda kuna kitu Mwalimu alikijua ambacho mimi bado sijakijua," liliishia. "Sitamuuliza. Asije akadhani namshuku."

Hapo yote yakanyooka. Kijana alilipokea faili mkononi mwa mwalimu wake, halina kichwa, lina namba nzuri mno. Angefikiri nini, yeye aliyekwisha kuuona ukurasa wa themanini na saba? Alidhani mzee amerudia mchezo wake. Na alipopigiwa simu, akaulizwa kwa ukali, akanyimwa hata marahaba, alidhani mzee anatafuta wa kubebeshwa. Akaenda akabeba.

Nikodemo alilia. Alilia vibaya, kamasi na yote, na Mama Hadija aliyekuja kuchungulia akarudi nyuma akamwacha. Alipotulia alitoka na kumwomba lile daftari apige picha. Mama Hadija alimruhusu. Katika ukurasa mmoja Nikodemo aliona namba iliyokatwa kwa mstari, nyingine imeandikwa juu yake, na sahihi pembeni. Akauliza ni nini.

"Nilikuwa msibani," Mama Hadija alisema. "Umeme ukakatika dakika hamsini. Niliporudi niliandika tano, kwa woga. Sikulala. Asubuhi nikakata, nikaandika ya kweli, nikatia sahihi, na maziwa tukayamwaga."

"Mbona hukuifuta tu?"

"Hapa hatufuti. Unakata mstari mmoja, kosa lisomeke, na mwenye kosa anaandika jina lake."

Nikodemo aliitikia kwa kichwa. Alirudi chumbani, akakiinua kioo cha kompyuta kwa mikono miwili, akakiteremsha mezani, akachukua tasnifu. Jalada lilikuwa limebonyea. Alifunua ukurasa wa themanini na saba. Aliikata kumi na mbili nukta nane kwa mstari mmoja, ikabaki inasomeka. Juu yake akaandika kumi na nne nukta mbili. Pembeni akatia sahihi na tarehe ya siku hiyo.

Akapiga picha. Halafu akamwandikia mkuu wa kitivo ujumbe mrefu, bila kupamba. Alieleza habari ya agizo la mwaka 2014, betri iliyokufa, mkatiko wa saba wa umeme na daftari la maziwa. Alieleza kwamba namba ya Alen ni ya kweli na hesabu iliyothibitisha iko katika mashine. Alieleza kwamba kukiri kwa kijana ni uongo, uongo pekee aliowahi kumjua nao. Mwisho akaeleza ukurasa wa themanini na saba, na kwamba hatangoja kuulizwa, Jumatatu atakuwa ofisini na barua ya kujiuzulu mfukoni, kitivo kiamue. Nakala ya kila kitu akamtumia Alen. Picha zilikwenda moja moja kwa shida, ile ya tasnifu ikiwa ya mwisho, na alisimama dirishani na simu juu mpaka ikaenda.

Akangoja. Wafugaji wa jioni walianza kufika na ndoo zao, akasikia Mama Hadija akimrudisha mmoja aliyeongeza maji. Ilipotimu saa kumi na moja simu ikaita. Ilikuwa namba ya Alen.

Aliipokea, na hakuna aliyeanza salamu. Nikodemo alijua hana haki ya kusalimiwa, akaona bora aulize.

"Kwa nini ulikiri jambo ambalo hukulifanya?"

"Nilidhani umelifanya wewe, Mwalimu," Alen alisema taratibu. "Mimi ningerudi Mtae nikalime. Wewe ungerudi wapi?"

Nikodemo alishika ukingo wa meza.

"Shikamoo, Mwalimu," Alen alisema.

"Marahaba," Nikodemo aliitikia, kisha akaanza upya. "Marahaba, mwanangu. Na ile ya jana pia, marahaba."